Shofa akila njiani, nani analipa?

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja alitungojea kwenye mlango wa ofisi ya parokia hapa Kolwezi. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mume wake ni shofa wa kamyo, anachukua shaba kwenye migodi ya Lualaba na kuipeleka Kasumbalesa, na siku ile alikuwa bado njiani. Mama akatufungulia karatasi ya mshahara, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akauliza: «Pasta, sasa hata bukari iko na kodi?»

Tulicheka kidogo, naye akacheka, kisha tukasoma vizuri na kicheko kikaisha. Pesa ambayo mume wake anapewa ili ale na kulala njiani ilikuwa imeandikwa chini ya mshahara, kama zawadi ya kazi nzuri. Ilijumlishwa na mshahara, na juu ya jumla ile yote ikakatwa kodi na mchango wa pensheni. Yaani shofa alinunua sahani ya bukari na sombe huko Fungurume kwa ajili ya kazi ya mwajiri, na mwisho wa mwezi akahesabiwa kwamba amepata faida.

Tangu siku ile tumeuliza wanaume wengine wa parokia yetu wanaofanya kazi hiyo, na wapo wengi, maana katika mji huu karibu kila benchi la kanisa lina mtu anayekula kutokana na mgodi au kutokana na barabara. Tumegundua kwamba jambo la yule mama ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mbaya zaidi, na wengi wanaoumizwa nayo wanaifurahia.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi wanadhani kwamba sheria haisemi kitu. Kodi ya Kazi ya Kongo, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaeleza katika kifungu chake cha 7 mshahara ni nini. Inataja pia vitu ambavyo si sehemu ya mshahara: matunzo ya afya, nyumba, pesa ya usafiri wa kwenda kazini, na pia gharama za safari pamoja na vitu vinavyotolewa kwa lengo moja tu la kumwezesha mfanyakazi kutimiza kazi yake. Shofa anayekula Likasi kwa sababu mwajiri amemtuma Likasi anaingia humo bila kusukumwa. Sheria ya kodi ya mapato nayo, ile ya zamani ya mwaka 1969, ilifuata njia hiyohiyo: marupurupu yalitozwa kodi, isipokuwa yale yaliyorudisha matumizi ya kweli ya kazi.

Kwa hiyo kuna pesa mbili. Moja ni mshahara: ni ya shofa, ya mke wake na ya watoto wake. Ya pili ni pesa ya njia: ni gharama ya safari, kama mafuta ya gari na matairi. Mwajiri asingeandika mazuti ya kamyo kwenye karatasi ya mshahara wa shofa. Kwa nini aandike humo mafuta ya tumbo lake?

Sasa tufanye hesabu. Tunatumia mfano wetu wenyewe, si karatasi ya yule mama. Tuseme shofa ana mshahara wa 600,000 FC kwa mwezi, na pesa ya njia ya 400,000 FC. Kwa viwango vya mwaka 2025, mfanyakazi anatoa 5 kwa mia kwa CNSS, kisha kodi ya mshahara, ambayo sisi wote tunaijua kwa jina la IPR, inakatwa kwa ngazi: 3 kwa mia kwenye 162,000 za kwanza, halafu 15 kwa mia mpaka kufika 1,800,000. Pesa hizo mbili zikitenganishwa, atatoa 30,000 kwa CNSS na 66,060 kwa kodi. Zikichanganywa, atatoa 50,000 na 123,060. Tofauti ni 77,000 FC. Hapo hatujapunguza ile nafuu ya 2 kwa mia kwa kila mtu anayemtegemea, ambayo inasaidia lakini haibadilishi jambo. Shofa aliyepewa 400,000 za kula anakula za 323,000. Kwa haki tuseme kwamba 20,000 kati ya hizo 77,000 hazikupotea: zimeingia kwenye pensheni yake, na ataziona siku moja Mungu akimpa maisha marefu. Lakini 57,000 ni kodi juu ya bukari, kama mama alivyosema.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili inakwenda kinyume, na ndiyo tuliyoikuta mara nyingi zaidi katika mazungumzo yetu. Mwajiri anachukua sehemu ya mshahara wa kweli na kuiita pesa ya njia. Shofa yuleyule wa milioni moja anaandikiwa mshahara wa 400,000 na pesa ya njia ya 600,000. Mkononi anapata zaidi! CNSS inashuka kutoka 30,000 hadi 20,000, kodi kutoka 66,060 hadi 37,560, na yeye anarudi nyumbani na 38,500 zaidi kila mwezi. Nani atakayelalamika? Mwajiri naye anapumua, kwa sababu mchango wake mwenyewe kwa CNSS ni 13 kwa mia ya mshahara uliotangazwa: badala ya 78,000 analipa 52,000. Akiwa na mashofa 40, amebakiza zaidi ya milioni moja kwa mwezi.

Deni hilo linaonekana siku ambayo kamyo inaanguka. Pensheni ya mjane, malipo ya aliyevunjika mguu kazini, pesa ya likizo na pesa ya anayefukuzwa, vyote vinahesabiwa kutoka kwenye mshahara, na mshahara ni ule ulioandikwa. Sheria iliyosema kwamba gharama za safari si mshahara ilikusudia kumlinda shofa. Mikononi mwa mwajiri mjanja inageuka kuwa mfuko wa kufichia mshahara wake. Sisi wachungaji tunaitwa kwenye matanga, tunawaona wajane wakifungua bahasha, na tumekuwa tukilaumu CNSS peke yake.

Mwaka 2025 ulituonyesha jambo hili kwa njia nyingine. Tarehe 22 Februari serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi, na kusimamishwa huko kukaongezewa muda mpaka ulipoanza utaratibu wa mgao tarehe 16 Oktoba. Hatuingii hapa katika ubishi kama uamuzi ule ulikuwa mzuri kwa bei. Wako wanaojua zaidi yetu. Lakini shofa ambaye mshahara wake wa kweli umefichwa ndani ya pesa ya njia, safari zikipungua, mshahara unapungua pamoja nazo. Mwajiri anamwambia, «hukusafiri, basi hakuna pesa ya njia,» na kwa maandishi mwajiri ana haki. Nyumbani kodi ya nyumba haikupungua, wala masomo ya watoto.

Wazee wetu watakumbuka kwamba neno lenyewe, posho, katika Katanga lina historia. Zamani za Union Minière, na baadaye Gécamines, posho ilikuwa unga, samaki na mafuta ambavyo kampuni iliwapimia wafanyakazi. Hatuusifu mfumo ule: mtu aliyepimiwa unga wake na bwana wake alikuwa amefungwa kwa kamba ya tumbo. Lakini hakuna aliyemdanganya kwamba kile kiroba cha unga ni mshahara wake, na kampuni ilijua kwamba mtu asiyekula hafanyi kazi. Gécamines ilipoanguka, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003, kazi nyingi zilirudi kwa mlango wa kampuni za kati. Ripoti ya RAID na CAJJ, shirika la msaada wa sheria la hapa Kolwezi, iliyotolewa Novemba 2021, ilionyesha kwamba katika migodi mitano mikubwa ya kobalti zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia kampuni hizo. Mashofa wengi wako huko. Mgodi unamlipa msafirishaji kwa tani, msafirishaji anampa mwingine mzigo, na yule wa mwisho mwenye kamyo tatu ndiye anayetafuta mahali pa kupunguza. Mazuti hayapunguzwi. Peaji haipunguzwi. Kinachopunguzwa ni sahani ya shofa.

Na hapa tufike kwenye barabara yenyewe. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 300, na kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa karibu 90. Mtu asiyejua atasema ni safari ya siku moja na nusu. Ndivyo wanavyosema pia wanaopanga pesa ya njia maofisini: wanahesabu kilomita, wanatoa kiasi kimoja kwa safari nzima. Lakini shofa hali kilomita, anakula siku. Foleni ya kamyo Kasumbalesa inajulikana mpaka Dar es Salaam na Durban. Mwezi Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na sisi pale Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, kwa sababu ya ugomvi juu ya kuzuia bia na soda zao kuingia Kongo. Wakubwa walizungumza, mipaka ikafunguliwa. Katika siku zile, nani aliwalisha mashofa? Walikula deni kwa mama wa malewa, au walikula pesa ya peaji ya kurudi, au hawakula.

Kutoa kiasi kimoja kwa safari kuna ubaya mwingine ambao lazima tuuseme, hata kama utawaudhi waumini wetu wenyewe. Shofa anapewa bahasha moja: humo mna peaji, mna chakula, mna kitu cha bariyeri, na kinachobaki ni chake. Kwa hiyo anajifunza kutokula. Analala chini ya kamyo badala ya kulipa chumba, anaendesha usiku ili siku zipungue, anakunywa chai na mkate tangu Kolwezi mpaka Likasi. Wengine wanauza mazuti kidogo kando ya njia. Kijana mmoja alituambia waziwazi: «Pasta, nikikula vizuri, watoto hawataenda masomo.» Ametufundisha uchumi wa barabara kuliko vitabu vyote tulivyosoma. Pesa iliyotolewa ili ale imekuwa mshahara wake wa kweli, na njaa yake imekuwa akiba ya nyumba.

Gari lenye tani 30 na zaidi likiongozwa na mtu mwenye njaa na usingizi si jambo la yeye na mwajiri wake peke yao. Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe kwenye njia hiihii ya kwenda Lubumbashi, gari lililobeba asidi kwa ajili ya mgodi lilianguka katika ajali na magari mengine, na watu wapatao 20 wakafa, wengine kwa kuunguzwa na asidi. Hatusemi kwamba shofa yule alikuwa na njaa. Hatuna haki ya kusema hivyo. Tunasema tu kwamba sisi wote tunapita kwenye njia hiyo, na makwaya yetu yanapita humo usiku kwenda mikutano.

Nchi nyingine zimefanya nini? Kenya ina sheria iliyo rahisi kueleweka: pesa ya kujikimu kwa mtu aliyetumwa mbali na kituo chake cha kazi haitozwi kodi mpaka kiasi fulani kwa siku. Kwa miaka mingi kiasi hicho kilikuwa shilingi 2,000. Kuanzia Julai 2025 kikapandishwa hadi 10,000. Uingereza wamezoea kukubali paundi 34.90 kwa usiku mmoja kwa shofa wa gari kubwa, na 26.20 kama gari lina kitanda ndani. Tunapenda sana habari hiyo ya kitanda, kwa sababu inaonyesha kwamba mtu fulani ofisini alikaa na kufikiri shofa analala wapi. Tanzania, ambako ndugu zetu wengi tunaokutana nao Kasumbalesa wanatoka, madereva waligoma mwezi Aprili na tena Mei mwaka 2015, na moja ya madai yao makubwa ilikuwa mikataba ya kazi yenye maandishi. Kote huko swali ni lilelile: pesa hii inaitwaje, na ni ya siku ngapi?

Tumesikia hoja za upande wa pili. Mwenye kamyo mmoja, mwana wa kanisa na mtoaji mzuri, alituambia kwamba akitoa pesa kwa siku, mashofa watafanya safari ya siku tatu kwa siku kumi. Alituambia pia kwamba mashofa wanaleta risiti za uongo. Yote mawili yanatokea; tungekuwa wanafiki kukataa. Akaongeza kwamba reli ya Lobito ikizidi kuchukua shaba, bei za usafiri zitabanwa zaidi. Hilo pia linawezekana. Lakini siku hizi mizigo mingi inafuatwa kwa simu na kwa mitambo inayoonyesha gari liko wapi kila saa. Mwajiri anayeweza kujua kamyo yake imesimama dakika 15 Fungurume anaweza pia kujua kwamba imesimama siku sita mpakani bila kosa la shofa.

Kuna mhubiri aliyewahi kuwaambia mashofa, tulisikia kwa masikio yetu, kwamba Yesu aliwatuma wanafunzi bila mkoba wala viatu, basi wasilie juu ya pesa ya njia. Ndugu huyo angeendelea kusoma. Katika Luka 22 Bwana mwenyewe anawakumbusha safari ile, halafu anabadilisha agizo: sasa mwenye mkoba auchukue. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anachukua mfano wa askari anayekwenda vitani kushangaa kama kuna mtu anayetumwa kwa gharama yake mwenyewe, na anarudi kwa yule ng'ombe wa Torati anayepura nafaka, ambaye hapaswi kufungwa kinywa. Mkubwa anayetumia umaskini wa mitume kubakiza pesa zake amemfunga ng'ombe kinywa kwa kamba ya Injili.

Lakini andiko lililotushika zaidi wiki hizi ni lile ambalo kila mtoto wa shule ya Jumapili analijua, Luka 10. Tumelihubiri mara nyingi kama habari ya huruma, na ni kweli. Angalieni sasa namna Msamaria anavyoshika pesa. Yuko njiani, na ni njia mbaya yenye wanyang'anyi. Anamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili mapema, kabla ya kuondoka. Hamwambii kwamba zikiisha basi. Anamwahidi kwamba kilichotumika zaidi atakilipa atakaporudi. Malipo ya kwanza mkononi, hesabu ya kweli mwishoni, na anayetuma ndiye anayebeba hatari ya kuchelewa. Mwenye kamyo yeyote anaweza kuandika hivyo kwenye hati ya safari kwa mistari mitatu: mshahara ni huu, hauguswi, chakula na kulala ni kiasi hiki kwa siku, na siku za foleni zinahesabiwa, peaji na gharama za gari zinaletewa risiti. Akimwona Mkaguzi wa Kazi akija, hatakuwa na kitu cha kuficha.

Kwa mashofa tunaomba jambo moja gumu. Anayekuambia kwamba atakuandikia mshahara mdogo ili upate zaidi mkononi, muulize mkeo kwanza. Yeye ndiye atakayesimama kwenye dirisha la CNSS siku ambayo wewe hutakuwepo. Na muombe kila mwezi karatasi ya mshahara, maana sheria inamtaka mwajiri akupe hesabu iliyoandikwa. Wengi hawaiombi kwa kuogopa kuonekana wakorofi. Mama wa karatasi iliyokunjwa aliiomba kwa niaba ya mume wake, akangojea masaa mawili, akapewa. Mume wake alituma wawili wenzake kwenda naye kwa mhasibu aliporudi, na mwezi uliofuata mstari ule ulihamishwa. Pesa zilizokwisha kukatwa hazijarudishwa.

Imebaki nyumba yetu wenyewe. Parokia ina gari moja la kubeba saruji na mabati kwenda makanisa ya vijijini. Shofa wake ni mzee wa kanisa. Tunapomtuma, tunampa pesa mkononi kutoka kwenye sanduku la idara, bila karatasi, na tunaziita «kidogo cha njia». Mwezi uliopita alikwama siku nne kwa sababu ya daraja lililovunjika, akala kwa ndugu waliompokea, na hakuna kati yetu aliyemuuliza alitumia nini. Hakudai kwa kuwa ni kazi ya Bwana. Tulipoangalia daftari, tuliona pia kwamba hajawahi kuandikishwa CNSS tangu aanze. Kikao cha wazee kitakaa Jumamosi hii, na karatasi yake ndiyo ya kwanza mezani.